Staa, Huo Mtaa Unaishi au Ulipita Kupiga Picha?

Tangu Ijumaa iliyopita, tarehe 11 Oktoba, ukifungua Insta unakutana na picha ile ile. Meza ya mbao, daftari kubwa, dada wa kituo kakaa na kalamu, halafu staa kainama anaandika jina lake huku macho yako kwenye kamera. Chini yake maelezo marefu ya uzalendo na emoji za bendera. Safi kabisa. Mimi sina shida na picha, na kusema kweli nafurahi kuona mastaa wetu wanaposti kitu ambacho siyo cherehani za mahusiano yao.

Shida yangu ni maelezo yanayoandikwa chini ya hizo picha. Leo ni Jumatano, dirisha linafungwa Jumapili tarehe 20 Oktoba 2024, na kuna watu wenye wafuasi wengi kuliko wakazi wa wilaya nzima wanawaambia vijana vitu ambavyo siyo kweli. Kijana akiwasikiliza anakosa kura yake tarehe 27 Novemba, wao wanaendelea na maisha. Kwa hiyo tuseme nao kidogo. Majina tunayaacha, mnawajua.

Tuanze na kaka wa muziki. Huyu nyumba yake tunaijua mpaka rangi ya kabati za jikoni, kila mwaka anatuonesha. Iko upande wa baharini huko, geti jeusi, mbwa wawili. Wikiendi hii kaonekana kwenye mtaa aliozaliwa, uswahilini kabisa, akiwa kwenye meza ya uandikishaji. Maelezo yake: amerudi nyumbani kujiandikisha, na sisi wote turudi tulikozaliwa tukafanye hivyo hivyo. Nikashuka kwenye komenti. Kuna kijana anaandika kwamba yuko Dar anafanya kazi ila Jumamosi anapanda basi kwenda Tanga kujiandikisha kwao. Mwingine Mwanza kwenda Bukoba. Nauli ya kwenda, nauli ya kurudi, halafu tarehe 27 Novemba, Jumatano katikati ya wiki, atapanda tena basi? Hapandi. Na hata akipanda, bado hakutakiwa kujiandikisha kule.

Uchaguzi huu ni wa serikali za mitaa. Unachagua mwenyekiti wa mtaa na wajumbe wa kamati ya mtaa kama uko mjini, na huko vijijini wanachagua mwenyekiti wa kijiji, halmashauri ya kijiji na mwenyekiti wa kitongoji. Kanuni zake kuhusu nani anapiga kura ni fupi, unaweza kuzisoma ukiwa kwenye foleni ya mwendokasi:

1. Uwe raia wa Tanzania.
2. Uwe na miaka 18 au zaidi.
3. Uwe mkazi wa mtaa, kijiji au kitongoji hicho.
4. Uwe na akili timamu.
5. Uwe umejiandikisha kwenye orodha ya wapiga kura ya hapo hapo.

Basi. Umeona sehemu imeandikwa kuzaliwa? Umeona ukoo, kabila, kaburi la babu? Hakuna. Kinachoangaliwa ni unapoishi. Na mfano mzuri tumeupata siku ya kwanza tu ya zoezi. Rais wetu kazaliwa Kizimkazi kule Zanzibar, kila mtu anajua. Kajiandikisha wapi? Chamwino, Dodoma, kwa sababu ndiko makazi yake yaliko. Kama mkuu wa nchi hakurudi kwao kujiandikisha, wewe wa Kimara unarudi Tanga kufanya nini?

Najua atakachosema kaka wa muziki. Atasema kwetu ni kwetu, mtaa ule ndio uliomlea. Sawa, na hakuna anayemkataza kuwapelekea mipira na kuwalipia bili ya maji. Ila mwenyekiti wa ule mtaa anawahusu wale wanaolala pale. Mtaro ukiziba, harufu inaingia kwenye chumba cha mpangaji wa pale, haifiki kwenye geti jeusi. Ukimchagulia mtu kiongozi halafu wewe unaondoka na gari yako, umemwachia mzigo ambao hutaubeba.

Twende kwa dada wa mawigi. Huyu yeye amezidisha. Kaposti video yuko nje ya kituo, anawaambia wafuasi wake popote walipo karibu na mjini waje wajiandikishe pale pale, kwa sababu kuna kaka yao anagombea na "tunataka kumpa mtaa". Watu wanacheka, wanatuma mioyo, wengine wanauliza kituo kiko upande gani wa barabara.

Dada yangu, hiyo siyo sapoti. Kuandikisha watu wasioishi kwenye mtaa ili wapige kura ya mtaa ni kosa, na mtu kuandika jina vituo viwili ni kosa pia. Unawaingiza wafuasi wako kwenye matatizo kwa ajili ya kiki ya siku mbili. Na fikiria upande wa pili. Kuna mama pale ana genge, kakaa mtaa huo miaka 20, kura yake ni moja. Kaka yako akileta mabasi mawili ya mashabiki kutoka Kigamboni na Bunju, mama wa genge kazidiwa kwenye mtaa wake mwenyewe na watu ambao hawajui hata choo cha soko kiko wapi. Kanuni ya ukazi imewekwa kumlinda huyo mama. Na inakulinda wewe siku ambayo mtu wa nje atataka kukufanyia hivyo hivyo.

Ndiyo maana pia orodha haiishii kwenye daftari la kituo. Baada ya tarehe 20 inabandikwa mtaani, watu wasome. Ukiona jina la mtu asiyekaa hapo, au la mtoto wa kidato cha pili unayemjua kabisa, una haki ya kuweka pingamizi. Vyama vya upinzani tayari vinalalamika kwamba kuna sehemu wanafunzi chini ya miaka 18 wanaandikishwa. Hilo jambo haliamuliwi kwa kurushiana maneno X. Linaamuliwa na mkazi anayesimama mbele ya ile karatasi ukutani na kusema huyu namjua, huyu simjui. Mkazi asiyejitokeza kusoma orodha hana wa kumlaumu ikijaa majina ya ajabu.

Wa tatu ni mchekeshaji wetu pendwa. Yeye kaposti kadi yake ya mpiga kura, ile ya zamani, na kuandika kwamba yeye alishamaliza kazi tangu 2020, nyie wengine pangeni foleni. Komenti zimejaa vicheko na watu wanaonesha kadi zao: "hata mimi mkuu, tupo tayari."

Hapana mkuu, hampo tayari.

Hii ndiyo sehemu inayowachanganya wengi, na siwalaumu, maana mwaka huu mambo mawili yanakwenda kwa pamoja. Kuna Daftari la Kudumu la Wapiga Kura, la Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi. Hilo ndilo linalotoa kadi yenye picha, wanachukua na alama za vidole. Ni la uchaguzi mkuu wa mwakani: rais, wabunge, madiwani. Uboreshaji wake ulianza Kigoma tarehe 20 Julai mwaka huu na unazunguka mkoa kwa mkoa. Dar bado hawajafika, zamu yetu itakuja.

Halafu kuna orodha ya wapiga kura ya serikali za mitaa. Hii ni ya TAMISEMI, ni ya uchaguzi huu wa Novemba tu, inaandikwa upya kabisa kila uchaguzi wa mitaa. Hupewi kadi. Hupigwi picha na mashine. Unataja jina, unaandikwa, unasaini, unaondoka. Kadi yako ya 2020 haikuingizi kwenye orodha hii. Itakusaidia kwa kitu kimoja, kukutambulisha siku ya kupiga kura, kama ambavyo kitambulisho cha NIDA, leseni au pasipoti ingekutambulisha. Lakini kama jina halimo kwenye orodha ya mtaa, hata ukija na kadi kumi umekuja kuangalia wenzako wakipiga kura.

Na kinyume chake ni kweli pia. Ukijiandikisha wiki hii usidhani mwakani umemaliza. Tume ikifika mkoani kwako, kama hujawahi kuandikishwa unatakiwa uende, kama umehama unatakiwa ukarekebishe taarifa zako. Madaftari mawili, kazi mbili. Mtu akikuambia moja linatosha, mtumie hii linki.

Sasa tuwaache mastaa, nije kwetu sisi wa geto.

Hawa watatu wanasikilizwa kwa sababu wanatuambia kitu ambacho wengi wetu tulishakiamini tayari: kwamba huu mtaa tunaoishi siyo wetu. Sisi ni wapangaji. Tumeletwa na dalali, tumelipa kodi ya miezi sita, miezi sita ikiisha tunaweza kuwa Goba, Tabata au Kinyerezi. Mwenyekiti hatumjui sura. Mambo ya serikali ya mtaa tunayaona ni ya wenye nyumba, wazee wenye baiskeli na wamama wa vikoba. Ukimuuliza mshikaji wa miaka 24 anaishi wapi anakwambia "nimepanga Sinza ila kwetu Songea". Hiyo "ila" ndiyo inayomfanya asiende kituoni.

Mpangaji ni mkazi. Kanuni haidai hati ya nyumba. Haidai uwe umeoa, haidai uwe na watoto shule ya pale, haidai uwe mwanachama wa chama chochote ili upige kura. Kama mtaa huo ndiko unakoishi, ndiko unakolala na kuamka, kituo cha hapo ni chako. Mwenye nyumba wako ambaye anakaa Mbweni na anakuja kuchukua kodi tu hana kura kwenye mtaa huo. Wewe unayo. Hebu irudie hiyo taratibu. Kwenye hilo daftari, aliyepanga chumba kimoja choo cha nje ana nguvu kuliko mwenye nyumba asiyeishi pale. Ni sehemu chache sana Bongo ambapo mpangaji anamzidi mwenye nyumba kitu, na sisi tunaipita tukiwahi daladala.

Na huyo mwenyekiti unayesema humhitaji, utamhitaji. Fomu ya NIDA inapita ofisi ya mtaa ikagongwe muhuri. Mshikaji akikamatwa usiku, polisi wanataka mdhamini mwenye barua ya utambulisho, na barua inatoka mtaa. Kuna ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, ambayo asilimia 4 ni ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa 2023, mwaka huu imerudi. Kikundi chenu cha vijana mkitaka kuomba, safari inaanzia kutambulika mtaani. Ulinzi shirikishi, hela ya taka, baa mpya inayopiga muziki mpaka saa 9 usiku dirishani kwako, mgogoro wako na mwenye nyumba anayetaka kukutoa kabla ya miezi sita kuisha: kote huko mlango wa kwanza ni ofisi ya mtaa. Ukifika pale na mwenyekiti ni mtu ambaye wapangaji hawajawahi kumpigia kura wala kumnyima, atakusikiliza wewe au atamsikiliza mwenye nyumba anayemjua toka 1998?

Nieleze na hili, kwa sababu watu wanalichanganya. Yule "mjumbe" mnayemwita wa nyumba kumi, ambaye mtu akihamia anaambiwa akajitambulishe kwake, huyo ni balozi wa chama. Siyo kiongozi wa serikali ya mtaa na huu uchaguzi haumhusu. Wajumbe unaowachagua Novemba ni wa kamati ya mtaa. Kwa hiyo usiseme "mimi nimeshajiandikisha kwa mjumbe, kaniandika kwenye daftari lake". Daftari la balozi siyo orodha ya wapiga kura. Nenda kituoni.

Kuna kundi lingine nalijua litasema, aah, hizo kura zenyewe zina maana gani. 2019 vyama vikubwa vya upinzani vilijitoa, sehemu nyingi wagombea walipita bila kupingwa, watu waliojiandikisha wakabaki na majina yao bila kura ya kupiga. Hilo lilitokea, sitalipaka rangi. Anayesema imani yake ilipungua pale ana sababu. Na kanuni zenyewe zina mambo ya kujadili. Kwa mfano, ili ugombee lazima uwe na miaka 21 na uwe umedhaminiwa na chama cha siasa. Kijana anayependwa na mtaa mzima lakini hana chama, hawezi kugombea uenyekiti wa mtaa ambao kazi zake kubwa ni mitaro na mihuri. Mimi naona hiyo imebana sana, na tuendelee kuisema.

Lakini kutojiandikisha hakuisemi. Ukikaa nyumbani hakuna atakayehesabu hasira yako. Takwimu zitakuchukulia kama mtu ambaye mtaa haumhusu, na mgombea anayepanga ahadi zake atawaangalia walio kwenye orodha. Akiona orodha imejaa wenye nyumba, ataahidi mambo ya wenye nyumba. Akiona nusu ya majina ni ya vijana wa vyumba vya kupanga, hata kama ni mbabe kiasi gani, ataanza kuongelea taa za barabarani na usalama wa madada wanaorudi kazini usiku. Na kama tarehe 27 utaamua hakuna anayekufaa, angalau hiyo itakuwa uamuzi wako. Wiki hii ukilala, umeamuliwa.

Kwa wanafunzi wa vyuo, mjipange kwa akili. Jina linakaa pale ulipoliandika. Kama sasa hivi uko nyumbani Moro unasubiri chuo kifunguliwe na Novemba utakuwa hosteli Dar, jua kabisa kwamba ukijiandikisha Moro kura yako iko Moro. Usiandike huku na kule ukidhani utachagua baadaye, ni kosa. Aliyeshahamia hosteli au geto la karibu na chuo na ndiko anakoishi, kituo chake ni cha hapo.

Na wale wanaohama mwezi huu, kodi imeisha na dalali kakuonesha chumba kipya: kama umeshahamia, jiandikishe kwenye mtaa mpya. Usirudi ule wa zamani kwa sababu tu ulizoea, maana mwenyekiti wa kule hatakugongea muhuri wa huku.

Mambo ya kituoni ni mepesi kuliko foleni ya kutoa hela mwisho wa mwezi. Vituo viko mitaani, vingi kwenye ofisi za mtaa, shule na maeneo ya wazi, vinafungwa saa 12 jioni. Uliza bodaboda wa kijiweni kwenu, wanajua. Ukitoka kazini saa 11 na foleni ya Morogoro Road unaijua, basi tumia Jumamosi au Jumapili asubuhi, usingoje Jumapili saa 11 jioni halafu uje kulia X kwamba umenyimwa haki.

Sasa niwarudie mastaa wangu, kwa upendo kabisa. Nyie mna kitu ambacho wasimamizi wa uchaguzi hawana. Tangazo la redioni kijana anabadilisha stesheni, ila video yako ya sekunde 20 anaiangalia mara tatu. Kaka wa muziki, nenda kaandike jina kwenye mtaa wenye geti lako jeusi, kwa sababu na huko baharini kuna mwenyekiti na kuna wafanyakazi wa ndani, walinzi na vijana wa magenge wanaoishi huko na hawajui kwamba kura ya pale ni yao. Waposti hao. Dada wa mawigi, ifute ile video, halafu waambie wafuasi wako kila mmoja aende mtaani kwake. Kaka yako kama anafaa, wanaoishi naye watampa. Mchekeshaji, unayo mpaka Jumapili, na najua utapata cha kuchekesha humo humo kwenye foleni.

Na wewe unayesoma hapa ukiwa umejilaza getoni, usianze kutafuta mastaa gani hao kwenye komenti. Kwanza jibu hili: mwenyekiti wa mtaa unaoishi anaitwa nani? Kama hujui jina lake, yeye naye halijui lako. Zimebaki siku nne ukiacha leo. Vaa ndala, nenda kaliandike.